Semina Haipimi Maji ya Mto Mara

Wahisani na wakubwa wa vyombo vya habari wakikutana kuzungumzia habari za mazingira, dawa ni ileile: mwandishi wa Afrika hajui sayansi, basi afundishwe. Anaitwa hotelini siku mbili, anapewa mkoba, kalamu na posho, anaonyeshwa picha za hewa ukaa, anapigwa picha ya pamoja, anarudi kituoni kwake. Mwaka unaofuata anaitwa tena, kwa kuwa habari zake "bado ni dhaifu". Hakuna anayeuliza kama mgonjwa ndiye huyu.

Tuchukue Machi 2022. Maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa, wananchi wakaambiwa wasiyatumie. Wengi walinyoosha kidole kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, na hawakukitoa hewani: mwaka 2019 mgodi huo ulitozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Jibu lililorudi ni kwamba kilichoharibu maji ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Nchi ikacheka. Mitandaoni ng'ombe walipata mawakili wa bure.

Sisemi kamati ilidanganya. Huenda ilikuwa sahihi kabisa. Mto unaopita katikati ya wafugaji hubeba mengi. Swali langu ni jingine: mwandishi wa Tarime au Musoma angeyathibitishaje hayo, au angeyapinga kwa lipi? Alihitaji chupa safi, boksi lenye barafu, nauli, maabara isiyoogopa kupokea sampuli yake na fedha za kulipia vipimo. Alihitaji kumbukumbu za maji ya mto huohuo za miaka iliyotangulia, apate cha kulinganisha. Kuziomba? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi hadi siku 30 kujibu. Katika siku 30 maji yale meusi yameshaingia Ziwa Victoria na kupotea. Na tusisahau kwamba mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa, ikawa jinai kutangaza takwimu zinazokinzana na za serikali. Kipengele hicho kiliondolewa mwaka uliofuata. Woga ulibaki kwenye dawati la mhariri.

Juu ya hayo, waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka tu. Ukikaa wiki mbili unafuatilia mto, wiki hizo watoto wanakula nini? Habari ya mkuu wa wilaya akizindua upandaji miti inaandikwa kwa saa moja na inatoka kesho yake. Mwenzetu anachagua miti, na simlaumu.

Nitakiri kwamba ujinga upo. Wapo wanaochanganya hali ya hewa na tabianchi. Lakini hilo linatibika kwa simu moja kwa mhadhiri (naye apokee!), halihitaji ukumbi wenye kiyoyozi. Tena semina zina madhara yake: zimetupa neno la kufunikia kila kitu. Mafuriko yakiingia Jangwani, Dar es Salaam, tunaandika tabianchi na kufunga daftari. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale kwenye bonde la Msimbazi, ikafurika si mara moja. Nani aliidhinisha ujenzi bondeni, na tathmini ya athari kwa mazingira ilisema nini? Jibu limo kwenye jalada, na jalada halifundishwi hotelini.

Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kilitia sumu mtaa mzima. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, hakuanza na warsha. Alianza na majibu ya damu ya mwanawe. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na baada ya kupanda na kushuka mahakamani, Mahakama ya Juu ya Kenya ilirudisha fidia ya wakazi Desemba 2024. Karatasi ya maabara ilifanya kazi ambayo vyeti vya ushiriki havijawahi kufanya.

Na hatari je? UNESCO ilitoa hesabu mwaka 2024: waandishi 44 wa habari za mazingira waliuawa duniani katika miaka 15, na kesi tano tu ndizo zilizofikia hukumu ya hatia. Nioneshwe somo la kuzuia hilo.

Kwa hiyo wahisani, fedha ya ukumbi ilipeni maabara ya chuo kikuu ipokee sampuli za waandishi bila kuuliza wametumwa na nani. Mwekeni wakili anayepokea simu usiku, kwa sababu wanaokamata hawangoji asubuhi. Mlipeni mwandishi wa Tarime mshahara wa miezi sita, naye achague mwenyewe cha kufuatilia, hata kama hakimo kwenye andiko lenu la mradi. Na wahariri mtuambie ni matangazo ya nani mko tayari kuyapoteza.