Umri kwa Kadiri ya Haja



Bibi mmoja wa Kisauni, msomaji wa safu hii, ameniletea swali pamoja na picha aliyotumiwa kwa simu. Mjukuu wake aliyeko Columbus, jimbo la Ohio kule Marekani, amepata leseni ya udereva. Kadi yenyewe imesimama wima kama ukurasa wa kitabu, ilhali ya babake imelala kama noti. Bibi ataka kujua kama kijana amefanya kosa hata akapewa kadi ya namna hiyo.

La, bibi yangu, kijana hana kosa ila umri. Majimbo mengi ya Marekani humpa kadi ya wima kila aliye chini ya miaka 21, na aliyetimiza umri huo hupewa ya kulala. Asili yake ni dukani. Mwaka 1984 serikali kuu ya huko iliyabana majimbo kwa fedha za barabara, hata yote yakaweka miaka 21 kuwa umri wa chini wa kununua pombe. Desemba 2019 tumbaku nayo ikafuata. Muuzaji mwenye foleni mbele yake alilazimika kusoma tarehe ya kuzaliwa na kupiga hesabu. Kadi ikisimama wima, kutupa jicho mara moja kwatosha. Na kwa kuwa nchi ile haina kitambulisho cha taifa kama chetu, leseni ndiyo iliyobeba kazi hiyo.

Nimelipenda jambo hili, wala si kwa ajili ya pombe, ambayo kwetu ni haramu kwa kijana na kwa mzee wa miaka 90. Nimelipenda kwa kuwa kinachoulizwa ni umri, na umbo la kadi lajibu umri.

Wanavyuoni wetu walilipima jambo kama hili zamani. Katika fiqhi tuliyosomeshwa madrasa, mwanamume asiye maharimu aruhusiwa kuutazama uso wa mwanamke anapotoa ushahidi au wanapofanya biashara, ili ajulikane ni nani. Kisha huwekwa sharti: iwe kwa kadiri ya haja. Haja ikiisha, na ruhusa imekwisha. Ndiyo maana sikushangazwa na kesi ya Bi Sultaana Freeman wa Florida, aliyetaka picha yake ya leseni iwe na nikabu. Mwaka 2003 jaji alimkatalia. Wapo waliohuzunika, na huzuni yao naielewa, lakini picha isiyoonyesha uso haimtambulishi mtu, na fiqhi ilikuwa imekwisha kuitolea nafasi haja hiyo.

Ila fiqhi hiyo hiyo yatuuliza juu ya yale mengine yaliyoandikwa kwenye kadi. Leseni ya Marekani huonyesha anwani ya nyumbani, urefu wa mtu, hata rangi ya macho. Binti anayethibitisha umri wake mbele ya muuzaji asiyemjua, amemwonyesha pia njia ya kwao. Wenye kubuni kadi wameanza kuliona hilo. Mwaka 2021 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kanuni za leseni ya kwenye simu, ambayo kwayo muuzaji aweza kuuliza tu iwapo mtu ametimiza miaka 21, na simu ikajibu ndiyo au la, bila kutoa jina wala mtaa. Hiyo ndiyo kadiri ya haja, imeandikwa na mafundi ambao huenda hawajapata kuisikia istilahi yetu.

Tuje kwetu sasa. Kitambulisho ambacho wengi wetu tunacho kina jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia upande wa mbele. Nyuma kina wilaya, tarafa, kata, hata kata ndogo. Mama zetu wakumbuke kwamba kadi hii haikuwa yao tangu awali. Kipande cha ukoloni kilivikwa wanaume shingoni, na wanawake hawakuingizwa katika usajili hadi mwaka 1978. Bibi zetu walihesabu umri kwa vita na njaa. Leo binti akifika miaka 18 kadi ni haki yake, naye haifikii benki wala chuo bila hiyo. Sisemi aifiche.

Nisemalo ni kwamba tumeigeuza kazi yake juu chini. Pale umri unapopasa kuulizwa, hakuna aulizaye. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 na ya vileo ya mwaka 2010 zakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini mtoto wa darasa la saba hununua sigara kwenye kibanda na kurudishiwa chenji. Mei 2024 Mombasa ilipopiga marufuku muguka, zikafuata Kilifi na Taita Taveta, jambo lote lilimezwa na mahakama na siasa, na swali la mtoto aliyesimama mbele ya kibanda likasahauliwa. Kadhalika leseni: pikipiki haitakiwi kuendeshwa na aliye chini ya miaka 16, wala gari na aliye chini ya 18, nasi twawaona wanaoendesha. Na mzazi anayemwongezea kijana miaka kwenye karatasi ili awahi leseni au pasipoti, ajue kwamba tarehe ile ni ushahidi, naye ameutoa uongo. Msichana aliyeongezewa miaka akapelekwa ng'ambo kufanya kazi za nyumbani hana karatasi ya kumtetea huko, kwa kuwa karatasi yenyewe yasema yeye ni mtu mzima.

Kwengineko, ambako yatosha kujua mtu ni nani, huchukuliwa kila kitu. Binti afika kwenye jumba la ofisi kupeleka barua ya kuomba kazi. Mlinzi wa getini achukua kitambulisho, aandika jina, namba ya kadi na namba ya simu katika daftari lililo wazi, na kila ajaye nyuma yake asoma. Jioni simu yaingia ujumbe wa mtu asiyemjua, amwita kwa jina na kumuuliza kama amefika nyumbani salama. Mama watatu wamenieleza kisa cha namna hii mwaka huu, na mmoja wao binti yake hataki tena kwenda mjini peke yake.

Hapa yafaa tujue sheria. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia kampuni za ulinzi yamruhusu mlinzi kumtaka mtu ajitambulishe, kuandika saa za kuingia na kutoka, na hata kukishika kitambulisho kwa muda. Lakini yamfunga pia: akitunze, akirudishe mtu anapotoka, na alichokijua kisitumiwe ila kwa utambulisho. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 yaongeza kuwa habari za mtu zichukuliwe kwa kiasi kinachohitajika tu, naye ana haki ya kuambiwa zinatakiwa kwa nini. Basi yule aliyetuma ujumbe hakukosa adabu tu. Amevunja amana na sheria pamoja.

Binti yako mfundishe kutoa kadi bila kubishana. Akiombwa namba ya simu, aulize kwa upole ni ya nini. Ikilazimu, aandike ya babake au ya kakake, kwa idhini yao, na amwambie mlinzi wazi kwamba ni ya nani, ili asiseme uongo. Asikubali kadi yake ipigwe picha kwa simu ya mtu binafsi. Akitumiwa ujumbe, asiufute wala asiujibu. Auonyeshe nyumbani, nanyi msimlaumu kwa kutoka. Kisha mzazi aende kwa msimamizi wa jumba lile akiwa na ujumbe huo mkononi, na asiposikizwa, malalamiko hupokewa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Atakayehitaji msaada wa kuandika barua hiyo, anikute msikitini baada ya swala ya alasiri.

Wabillahi tawfiq.