Mchezaji ni yule yule, kocha ndo mpya
Wauzaji wenzangu, mnaijua San Francisco 49ers? Timu ya Marekani, ule mpira wao wa kuvaa helmeti. Msimu wa 2010 walishinda mechi 6, wakapoteza 10. 2011 akaja kocha mpya, Jim Harbaugh: wakashinda 13, wakapoteza 3 tu! Na mrusha mpira Alex Smith, ambaye mashabiki walishamzomea, hakutupwa. Ila sasa walicheza kwa kulinda mpira, mechi zote 16 wakaupoteza kwa wapinzani mara 10 tu.

Wewe peji haiuzi, mbio Kariakoo kutafuta bidhaa mpya. Za nini? Kwanza hesabu oda ulizopoteza wiki hii: meseji hazijajibiwa, saizi imekosewa, bodaboda kachelewa mteja kaghairi. Mzigo ulionao bado unauzika.