Njia ni ya Wote

Wako wanaosema kwamba intaneti huru ni mabishano ya Ulaya. Tunakataa. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi yetu ilipiga kura. Kesho yake serikali ikaamuru intaneti ifungwe, nayo ikakaa kimya kwa siku zipatazo 20. Eti ni kuzuia matokeo ya uongo! Lakini uongo hauhitaji mega: hutoka Kasenga ukafika Kalundu kwa mdomo tu, kabla jua halijatua. Aliyekwamishwa ni mwenye ushahidi, na CENCO peke yake ilikuwa imetuma waangalizi wapatao 40,000.

Kampuni za simu zilitii. Nazo hutuuzia mega za bei ndogo zisizofungua kitu ila WhatsApp na Facebook, nasi twashangilia, kumbe nguvu ya kufunga yote na nguvu ya kuchagua kinachopita ni moja. Mwenye boti hulipwa kwa uzito wa mzigo. Hafungui gunia ili achague kati ya muhogo na ndagala. Kwa nini mwenye mnara apewe haki hiyo? Mgombea atakayekuja kwetu kuomba kura aulizwe kwanza: je, ataandika katika sheria kwamba intaneti haifungwi wakati kura zinahesabiwa?