Nani kasema gari la oto halina gia?

Wadau, leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Hapa kwetu Pasiansi, kaa nusu saa tu pale kina kaka wanapoegesha magari wakisubiri wateja, na mjadala utakaousikia ni ule ule. Dereva ni yule wa gia za mkono. Sisi wengine wote ni abiria tuliokalia kiti chenye usukani. Ukifika na Vitz wanakwambia umekuja na bebi woka. Na ukiwa mwanamke kama mimi ndiyo kabisaa: "Dada, hiyo si gari, hiyo unakanyaga tu inaenda."

Unakanyaga tu inaenda! Hilo neno ndilo nataka kugombana nalo, kwa sababu si utani tena. Limeshakuwa mtaala.

Mimi nilisoma udereva hapa hapa Mwanza, shule siitaji. Wiki nzima tulikuwa na klachi. Klachi asubuhi, klachi jioni, kuondoka kwenye mlima bila gari kurudi nyuma, kubadili namba mbili kwenda namba tatu bila kumrusha mkufunzi. Sikatai, nilifaidika. Mtihani nikafanya kwa gari hilo hilo. Sasa simama barabara ya Airport uhesabu magari binafsi yanayopita: IST, Passo, Vitz, Wish, Noah, Harrier. Hebu niambieni ni mangapi yana klachi. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na Wajapani wenyewe walishahamia oto zamani. Tangu 1991 wana leseni maalumu ya mtu wa oto peke yake. Uingereza ukifanya mtihani kwa oto, leseni yako inakufunga kwenye oto. Hata jirani zetu Kenya wana daraja B1 kwa ajili hiyo. Maana yake ni kwamba wenzetu wamekubali kuwa hiki ni kitu ambacho mtu hufundishwa na kupimwa. Mimi nilipokabidhiwa ufunguo wa gari la oto kwa mara ya kwanza, somo lilikuwa hivi: "P kusimama, R kurudi, D kwenda. Mguu wa kushoto upumzike." Basi. Dakika 2.

Na kitabu cha gari? Kipo, tena kisafi kabisa, ndani ya droo ya dashibodi. Kimeandikwa Kijapani.

Kwa hiyo kile kipini chenye herufi P, R, N, D, 2 na L kila mtu anakitafsiri anavyojua. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, amesoma, ana kazi nzuri, aliniambia kwa uhakika kwamba L ni "long", unaweka ukiwa na safari ndefu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Maana L ni kinyume chake kabisa. Ni gia ya chini. Ukiweka L, giaboksi haipandi kwenda gia kubwa. Injini inalazimika kulishika gari, na kwenye mteremko mkali unashuka taratibu bila kuipikia breki. Ile 2 nayo ni hivyo hivyo, ila inakupa mwendo zaidi. Kwenye Prius utakuta B, kazi ni ile ile. Yaani lile jambo ambalo mkufunzi alinifundisha kwa sauti kubwa kwenye gia za mkono, "shuka na gia uliyopandia," lipo kwenye oto. Limechorwa pale pale kwenye kipini. Hakuna aliyeniambia.

Badala yake mtaa una somo lake: mteremkoni weka nyutro, unaokoa mafuta. Jamani! Fikirieni mtu anatoka Dodoma kurudi Mwanza, amefika Mlima Sekenke, gari limejaa watu na mizigo, anasukuma kipini kwenye N na kujisifu kwamba sasa wanatembea bure. Hatembei bure. Magari haya ya kisasa yenye kompyuta ya injini, ukiwa ndani ya D na umeachia mafuta mteremkoni, kompyuta inakata petroli na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N, injini inaachwa ijitegemee, na ili isizimike inabidi inywe. Ameongeza matumizi ya mafuta! Na breki sasa ziko peke yao. Zikichemka zinapoteza nguvu, tena hilo halichagui gari. Wapo hata wanaozima injini kabisa. Hao ukikanyaga nao breki mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, kwa sababu kile kifaa kinachousaidia mguu kinategemea injini iwe inawaka. Juni 2025 kule Iwambi, Mbeya, lori lilishindwa breki mteremkoni na watu 28 wakafa. Lile lilikuwa lori na mambo yake ni mengine, sisemi dereva alifanya nini. Nasema tu kwamba nchi yenye milima kama yetu haina ruhusa ya kuchezea somo la kushuka.

Tuje hapa hapa nyumbani. Mwanza ni mawe na vilima, na ukitaka kujua tunavyoegesha angalia chini ya matairi: jiwe. Nalipenda jiwe la Mwanza, limeokoa ukuta wa watu wengi. Lakini linatumika kwa sababu watu wanaweka P na kushuka, basi. P ni kijino cha chuma tu kinachoingia kwenye gurudumu la meno ndani ya giaboksi. Ukiegesha mlimani bila handbreki, uzito wote wa gari unalala juu ya kijino hicho. Ndiyo maana asubuhi ukitaka kutoa P kinagoma, halafu kinaachia kwa kishindo kama bunduki, na wewe unasema gari limerogwa. Kanyaga breki, weka N, vuta handbreki, achia mguu taratibu gari litulie juu yake, ndipo uweke P. Sekunde 5.

Na kile kitufe cha O/D? Kuna watu wamezunguka na taa ya O/D OFF miezi wakidhani ni pambo. Ile taa inasema gia ya juu kabisa imefungwa. Unalipia kila ukifika kituo cha mafuta.

Mkorogo huu si wa herufi tu. Kipini chenyewe kimeundwa hivyo kwa damu ya watu, na wanaosema "hakuna cha kufundisha" hawajui historia yake. Oto ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors, kwenye Oldsmobile za modeli ya 1940. Kwenye baadhi ya magari yao ya miaka iliyofuata mpangilio ulikuwa P, N, D, L, R. Hebu litazame hilo: rivasi imekaa jirani na gia ya mbele. Mtu anatafuta L, anapitiliza kidogo, gari linarudi nyuma. Ralph Nader aliupigia kelele mpangilio huo kwenye kitabu chake cha 1965, na kanuni za usalama za Marekani zilizoanza 1968 zikalazimisha nyutro ikae katikati ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Kwa hiyo ile N iliyopo kati ya R na D ni ukuta, haikuwekwa pale ikusaidie kuteleza Sekenke. Halafu miaka ya 1980 watu Marekani wakalalamika kwamba Audi zao zinaruka zenyewe. Wachunguzi wa serikali wakasema mwaka 1989 kwamba wengi walikuwa wamekanyaga pedali ambayo siyo. Ndipo ikaenea ile kufuli inayokataa kutoa P mpaka ukanyage breki. Ya kwako ina kitufe kidogo pembeni ya kipini kinachoifungua betri ikifa. Unajua kilipo?

Mnaosema ubunifu ule ulishaisha, 2016 ipo karibu. Kampuni inayotengeneza Jeep iliita magari zaidi ya milioni 1 yarudi, kwa sababu kipini chake kilikuwa kinarudi katikati kila ukikigusa, na watu wanashuka wakidhani wameweka P. Mwigizaji Anton Yelchin alikufa Juni ile ile, akiwa amebanwa na Grand Cherokee yake mwenyewe kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwake. Mtu wa "unakanyaga tu inaenda" anakosea hapo hapo: gari liliondoka bila hata kukanyagwa.

Sasa kaka zangu wa kijiweni, sijasema gia za mkono zifutwe. Anayetaka kula kwa Fuso au kirikuu azijue, tena azijue vizuri. Ila hata huko upepo unageuka. Volvo walileta I-Shift mwaka 2001, Scania wana Opticruise, na dereva wa lori jipya leo hana klachi ya kubembeleza. Huyo naye mtamwita dada?

Ninachotaka ni kidogo sana. Kila shule ya udereva iwe na gari moja la oto, na mwanafunzi apelekwe nalo mteremko wa Bugando ashuke kwa L, aegeshe kwa handbreki, afungue kipini betri ikiwa imekufa. Trafiki anayesimamia mtihani aulize maswali matatu ya oto kabla ya kusaini. IST iliyotumika si gari la kutafuta kwa tochi mjini hapa, na fundi wake yuko kila kona.