Kabla ya Kusema Haifai



Wapenzi wasomaji, akina mama na akina baba, leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilipigiwa simu na mama mmoja, mwenyeji wa pwani aliyeolewa Nairobi na kukaa mtaa wa Komarock. Baada ya salamu akaniambia, "Sheikh, binti yangu ametimiza miaka kumi na minne. Anataka kujifunza mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Babake amekataa katakata, na binti ana siku tatu hasemi na mtu. Wewe unasemaje?" Nami, bila ya kumaliza hata pumzi moja, nikajibu, "Mwanangu, haifai. Mwambie ashike msahafu wake."

Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu kamili, "Sheikh wangu, umewahi kuuona mchezo wenyewe?"

Sikuwa nimewahi kuuona. Tangu tukiwa vijana chuoni masheikh wetu walitufunza kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe, na asiyelijua jambo hana haki ya kulitolea hukumu. Maneno haya nimewasomesha wanafunzi kwa miaka mingi, lakini usiku ule niliyasahau kwa sababu muulizaji alikuwa mwanamke na muulizwaji amezoea kujibu. Nikamwambia, "Nipe muda."

Mwezi uliofuata nilialikwa Nairobi kwa shughuli ya nikahi. Nilipomaliza nikaenda Komarock. Wenye kuufahamu mtaa ule wanajua zile nyumba zilizopangwa kwa safu, kila kiwanja na geti lake, na vichochoro baina yake ambako watoto hucheza jioni. Ndimo humo binti huyu alimojifunzia kuteleza kwa viatu vya magurudumu, akiazimana jozi moja na majirani wawili. Wengi wa wachezaji wa barafu wa Kenya wamepitia njia hiyo hiyo: lami kwanza, barafu baadaye.

Nilimwomba babake anipeleke mwenyewe kwenye uwanja. Alikubali kwa kunistahi mimi tu. Tukashika barabara ya Outering hadi Mombasa Road, sisi wawili mbele, mama na binti nyuma, na njia nzima hapana aliyesema neno.

Uwanja huo umo ndani ya jengo la hoteli ya Panari, nao ulifunguliwa mwaka 2005. Ni mdogo kuliko kipimo cha viwanja vya mashindano ya dunia, lakini ndio uliolea timu ya Kenya iitwayo Ice Lions. Timu hiyo ilikaa muda mrefu bila ya mpinzani wa kucheza naye hapa nchini, hata mwaka 2018 ikapelekwa Canada ikacheza mechi yake huko. Septemba mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Kwa hivyo jambo aliloliomba binti wa Komarock lina mlango wa kweli mbele yake.

Sasa niwaeleze nilichokiona, ili mama mwenye kusoma haya naye apate kufahamu. Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, mmoja wao akiwa mlinda lango. Hawachezi kwa mpira. Huchezea kisahani kizito cheusi cha raba, wakikisukuma kwa magongo marefu yaliyopinda nchani. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika ishirini ishirini. Mchezaji huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini yake, kinga za miguuni, magotini, kifuani na mabegani, glavu nene, na kofia ngumu. Katika mashindano ya kimataifa ya wanawake, kofia hiyo lazima iwe na wavu au kioo cha kufunika uso mzima, na kugongana kwa kifua na bega hakuruhusiwi kwa kadiri ile wafanyayo wanaume. Juu ya kinga hizo huvaliwa jezi pana. Nawaambia ukweli, sijaona vazi la mchezo lenye kusitiri umbo kuliko hili, na ndani yake mtandio hukaa bila ya taabu, maadamu haukubanwa kwa pini.

Binti yetu aliazimwa vifaa akaingia. Alianguka mara tatu, akainuka mara tatu. Babake alisogea hadi ukingoni. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, umeona tatizo gani katika sitara?" Akajibu, "Sheikh, hata uso wake siuoni, seuze nywele. Tatizo langu si nguo. Watu wa mtaani watasemaje?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kesi ile haikuwa ya dini peke yake. Wengi wetu, tunapoogopa maneno ya majirani, tunayavisha maneno hayo kanzu ya sharia. Tunasema "haramu" pale tunapokusudia "aibu". Mtoto hawezi kuyatenganisha mawili hayo. Anachokifahamu ni kwamba dini ndiyo iliyomfungia mlango, na moyoni huanza kuionea dini uchungu ambao dini haikuusababisha.

Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alishindana mbio na Bibi Aisha, radhiya Llahu anha. Mara moja bibi alishinda, na mara nyingine, baada ya miaka, Mtume alimshinda, akamtania kuwa moja kwa moja. Siku ya Idi Mahabushi walipocheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti, alimsitiri bibi huyo huyo akatazama mpaka akaridhika mwenyewe. Hizi ni habari mashuhuri, na tunazisoma kila mwaka. Lakini tukizimaliza kuzisoma tunarudi nyumbani kuwaambia mabinti zetu kuwa kutokwa na jasho ni kazi ya ndugu zao wa kiume.

Tena wamo dada zetu Waislamu waliotangulia. Februari 2017 Fatima Al Ali, mchezaji wa Imarati, alialikwa Washington na klabu kubwa ya wanaume, akafanya mazoezi nao hali ya kuwa amevaa hijabu yake. Mwaka 2023, mjini Bangkok, timu ya wanawake ya Iran iliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Asia na Oceania ya mchezo huu, ikarudi na nafasi ya pili nyuma ya wenyeji Thailand. Naye Zahra Lari wa Abu Dhabi, mchezaji wa kuteleza kwa madoido barafuni, mwaka 2012 alikatwa alama nchini Italia kwa sababu ya mtandio wake. Hakuuvua, wala hakuuacha mchezo. Hoja ilipelekwa kwa wenye kuandika kanuni, na baadaye mtandio ukaruhusiwa. Katika hilo mna funzo kwetu: mwenye dini yake akiomba haki yake kwa utulivu, aghlabu husikilizwa.

Hata hivyo, wasomaji wangu, sikuja leo kufungua milango yote na kuondoka. Liko jambo moja nililoliona ambalo siwezi kulifumbia macho. Wasichana uwanjani ni wachache, nao hufanya mazoezi pamoja na wavulana. Siwalaumu wenye uwanja, kwani barafu ni moja na wachezaji ni haba. Lakini kwa binti aliyebaleghe, kujifunza kwa kushikwa mkono na kijana asiyekuwa maharimu wake ni jambo lisilokubalika, hata chini ya glavu. Vilevile picha: siku hizi kila anguko hupigwa kwa simu na kutandazwa duniani kabla mtoto hajainuka. Na sala: saa ya mazoezi isiile Magharibi. Na mali: barafu hulipiwa kwa saa na vifaa ni ghali, kwa hivyo baba asibebeshwe deni kwa ajili ya mchezo.

Tulirudi Komarock tukakaa sebuleni, chai ikaletwa. Safari hii sikutoa hukumu peke yangu. Nilimwomba baba aseme, mama aseme, na binti aseme. Binti alisema neno moja ambalo bado liko sikioni mwangu: "Baba, mimi sikuomba kucheza tu. Niliomba uje unione." Baba alitazama kikombe chake kwa muda mrefu.

Tuliafikiana hivi. Binti ataendelea kujifunza kuteleza, mama yake akiwa hapo hapo. Hataingia mazoezi ya timu mpaka ipatikane saa ya wasichana peke yao, yenye mwalimu mwanamke. Picha hazitapigwa bila ya idhini ya wazazi. Darasa la Qurani la Jumamosi halitaguswa. Na baba atakwenda naye angalau mara moja kwa mwezi; sharti hili alilitaja mwenyewe.

Lakini saa ya wasichana haitapatikana kwa binti mmoja. Hapa nawageukia nyinyi mlio na mabinti Nairobi: Komarock na Kayole, Eastleigh, South B na South C. Kama mko mama watano au sita wenye mabinti wanaotaka mchezo huu, kutaneni. Changeni gharama ya saa moja, nendeni pamoja kwa wenye uwanja, muombe kwa maneno mazuri. Wakikataa, mtakuwa mmetimiza wajibu wenu. Wakikubali, huenda siku moja Kenya ikapeleka wasichana katika mashindano ya kimataifa, na miongoni mwao awemo mmoja aliyejifunza juu ya lami ya Komarock.

Kwa ndugu zangu masheikh na walimu wa vyuo, neno langu ni fupi. Tukiulizwa jambo tusilolijua, tuseme "sijui, nipe muda." Imam Malik, pamoja na ilimu yake yote, hakuona haya kulisema hilo mbele ya waulizaji. Mimi nililiona zito usiku ule, na mama mmoja wa Komarock akanirudisha darasani. Namwombea Mwenyezi Mungu amlipe kheri, amhifadhi binti yake, na aulainishe moyo wa kila baba kwa mwanawe.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.