Suti za mabawa: Mita 2,000 za Ifakara sio mita 2,000 za Udzungwa

Mwaka 2015 Mrusi Valery Rozov aliruka kutoka Kilimanjaro akiwa na suti ya mabawa. Wakiruka kundi, mambo mawili huamuliwa wakiwa bado chini: watengane wakifika urefu gani, na parachuti zifunguliwe urefu gani.

Chukua mfano wa Bonde la Kilombero. Ifakara haifiki mita 300 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Luhombero, milima ya Udzungwa, kina mita 2,576. Mrukaji akiweka kipimo chake cha urefu sifuri pale Ifakara, kikisoma mita 2,000 juu ya mashamba ya mpunga, muda anao. Kikisoma hivyo hivyo upande wa Luhombero, tayari yuko chini ya kilele.

Hatari nyingine ni mwenzako. Suti hupunguza kasi ya kushuka, lakini humsukuma mtu mbele kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Akishuka mita 25 kwa sekunde, mita 500 ni sekunde 20 tu za kuachana, kuangalia pembeni na kufungua.

Chama cha Marekani, USPA, kimeweka futi 2,500 (mita 760 hivi) kutoka ardhini kama kikomo cha kufungua kwa wenye leseni ya juu. Hicho ni kikomo, sio lengo: kamba zikijisokota, kuzifungua kunakula urefu.

Ndo maana kundi makini hupanga kwa kumfuata mwenye uzoefu mdogo, sio bingwa wao.