Magado si mandhari ya selfi tu, ni kazi ya watu

Ukitaja Kulamawe mbele ya wasee wa Nairobi, swali huwa lile lile: kwani huko watu hula mawe kweli? Tumezoea. Siku hizi mimi hujibu kwamba ndiyo, yapo mawe yanayolika. Yanaitwa chumvi.

Ukitoka Isiolo mjini kwa barabara ya Modogashe, vilima vya Nyambene viko mkono wako wa kulia. Chini ya vilima hivyo kuna kreta ya Magado, shimo kubwa la volkeno lenye vidimbwi vya maji ya chumvi. Wachimbaji, Waborana na Wameru, huingia majini, wakachota chumvi na tope lake kwa mikono, wakaanika na kujaza magunia. Nyingi huishia kwa mifugo, na mfugaji yeyote atakwambia ng'ombe asiyelamba chumvi hanawiri.

Sasa picha za Magado zinazunguka mtandaoni na kila anayeziona anasema pafanywe pa kitalii. Sipingi. Vijana wa Isiolo tumechoka kusubiri jiji la kitalii tuliloahidiwa kwenye Ruwaza ya 2030. Uwanja wa ndege tunao, kazi ndizo hatuzioni. Lakini hebu tuulizane: utalii huo utakuwa wa nani?

Wengi hutoa mfano wa mgodi wa Wieliczka kule Poland. Ni mfano mzuri. Chumvi ilianza kuchimbwa humo karne ya 13, UNESCO ikauorodhesha mgodi huo mwaka 1978, na uchimbaji wa kibiashara ukakoma 1996. Zaidi ya mita 100 chini ya ardhi kuna kanisa lililochongwa ndani ya chumvi, hadi taa zinazoning'inia ni za chumvi. Waliochonga ni wachimbaji wenyewe. Na jambo ambalo watu husahau ni kwamba wageni walikuwa wakishuka humo hata wakati kazi ikiendelea. Mgodi haukufungwa ndipo utalii uanze.

Au tusiende mbali. Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, bado linatoa chumvi. Watalii wanaokwenda mbuga ya Queen Elizabeth hupita hapo kuona vidimbwi, wakiongozwa na watu wa hapo hapo. Gunia linauzwa na mgeni analipa. Riziki mbili, shimo moja.

Kwa hivyo kabla ya mtu yeyote kuja Magado na michoro ya hoteli, mimi nataka mambo matatu.

Kwanza, picha ziombwe ruhusa. Mtu aliye ndani ya maji, nguo chache mwilini, si pambo la ukurasa wako wa TikTok. Ungependa babako apigwe picha hivyo akiwa kazini?

Pili, kiingilio kilipwe pale pale, na viongozi wa wageni wawe vijana wa eneo hilo, wa pande zote mbili za mpaka wa Isiolo na Meru. Tukianza kugombana kuhusu nani mwenye shimo, atakayefaidi ni wa tatu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ardhi isajiliwe kwanza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa mwekezaji kwenye ardhi ya jamii lazima uidhinishwe na thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima, mkutanoni. Si wazee watatu na chai. Jamii isiyosajiliwa itapata taabu sana kutumia ngao hiyo.

Najua kuna atakayesema nawatisha wawekezaji. Hapana, waje. Ila wakute wenyewe wako nyumbani, na stakabadhi mkononi.

Wewe wa Kulamawe, Kinna au Isiolo mjini, ukirudi nyumbani likizo hii muulize mzee wako swali moja: ardhi yetu imesajiliwa? Akisema hajui, anzia hapo. Selfi itangoja.